Tupeane uzoefu: maisha na huduma katika vijiji vidogo vya Uingereza

Mleta mada (Shropshire)

Ndugu zangu, tunapozungumzia maisha ya Uingereza mara nyingi tunaishia London, Birmingham na Leicester, ilhali wenzetu wengi, hasa wauguzi na wahudumu wa wazee, wamepata kazi katika vijiji ambavyo basi hupita mara chache kwa siku na Jumapili halionekani kabisa. Naomba sisi tunaoishi huko tueleze kinagaubaga tulivyozikuta huduma na tulivyopokewa na majirani, ili anayejiandaa kuja ajue anakokwenda.

Naanza mimi. Kijiji chetu kiko upande wa mpaka wa Wales, na kina kanisa la mawe, baa moja, shule ndogo ya msingi na ukumbi. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba karibu kila huduma ninayoitegemea inaendeshwa na wakazi wenyewe bila malipo. Ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa ni baraza la parokia, ambalo licha ya jina hilo si chombo cha kanisa. Yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1894, na leo yako takriban 10,000. Hukata nyasi za uwanja, hutunza bembea za watoto na hutoa maoni kuhusu maombi ya ujenzi, na fedha zake hutokana na kiasi kidogo kinachoongezwa kwenye kodi ya halmashauri inayolipwa na kila kaya. Mikutano yake ni ya wazi. Nilipohudhuria kwa mara ya kwanza walijadili kwa kirefu njia ya miguu iliyofunikwa na miiba, na karani akaandika majina ya waliojitolea kwenda kuifyeka Jumamosi. Kwetu tungeuita msaragambo.

Ukumbini, karibu na mlango, kuna ubao wenye majina ya vijana wa kijiji waliouawa katika vita vya 1914 hadi 1918, maana kumbi nyingi za namna hii zilijengwa baada ya vita hivyo ili kuwaenzi. Chini ya ubao huo ndipo tunapopanga meza za chai: birika kubwa la umeme, vikombe vya kijani kibichi visivyo na mapambo, keki iliyokwisha kukatwa, na kikopo cha kutumbukiza sarafu. Mimi nilianza kwa kuosha vikombe, na huo ndio ushauri wangu kwa mgeni: usingoje kualikwa nyumbani kwa mtu, kwa kuwa mialiko hiyo huja polepole sana; omba kazi ukumbini, na haitachukua muda watu watakuita kwa jina lako.

Mchangiaji wa pili (Norfolk)

Asante dada kwa mada hii. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao, na kwa kazi hii, kijijini, asiye na gari hawezi kitu. Wakala aliyenileta hakunieleza hilo hata mara moja. Leseni ya Kenya au ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uhamie. Baada ya hapo ni lazima uwe umefaulu mitihani ya hapa, wa nadharia na wa barabarani, na foleni ya kupata tarehe ni ndefu, kwa hiyo anza mapema. Ni kweli serikali iliweka ukomo wa nauli ya basi wa pauni 2 kwa safari mwaka 2023, ukapanda kuwa pauni 3 mwaka 2025, nasi tulinufaika. Lakini nauli nafuu haimsaidii mtu ambaye basi la mwisho linaondoka kabla zamu yake haijaisha.

Niseme na jema. Wazee wengi ninaowahudumia huchukua dawa palepale kwenye kituo cha daktari, kwa sababu utaratibu wa vijijini unamruhusu anayeishi zaidi ya kilomita 1.6 kutoka duka la dawa kupewa dawa na daktari wake.

Mchangiaji wa tatu (Cumbria)

Kwetu duka lilifungwa mwenye nalo alipostaafu, ikawa mkate na maziwa vinafuatwa mjini. Wakazi wakaitisha mkutano, wakaunda ushirika na kuuziana hisa, kila mwanahisa akiwa na kura moja tu hata kama hisa zake ni nyingi. Mimi niliyekulia kwenye harambee sikuhitaji kufafanuliwa. Wazo hilo lina mizizi huku: katika kijiji cha Hesket Newmarket wakazi waliinunua baa yao, The Old Crown, kwa njia ya ushirika mwaka 2003. Sheria ya mwaka 2011 iliongeza nguvu, kwani wakazi wanaweza kuomba jengo lenye manufaa kwa jamii liorodheshwe, na mwenye nalo akitaka kuliuza, nao wakaonyesha nia ya kulinunua, uuzaji husimamishwa hadi miezi 6 ili wakusanye fedha. Hata hivyo mwenye mali halazimiki kuwauzia wao, na jambo hilo limevunja moyo vijiji vingi.

Nashika zamu ya kaunta Alhamisi alasiri. Chini ya kaunta kuna daftari la wazee wanaopelekewa gazeti, na mbele ya kila jina pameandikwa nani wa kupigiwa simu. Mzee asipofungua mlango, aliyepeleka gazeti hurudi dukani na simu ikapigwa saa hiyohiyo. Huduma hiyo haimo katika hesabu za mwaka, lakini kwangu ndiyo sababu kubwa ya duka kuwepo.

Mchangiaji wa nne (Lincolnshire)

Mimi ni wa Unguja, na nitasema pia yaliyo mazito. Sisi ni familia pekee ya Kiislamu kijijini. Msikiti uko mjini, na nyama ya halali tunainunua kwa wingi na kuigandisha. Mazungumzo mengi ya jioni hufanyika baa, na mume wangu hanywi pombe. Hatimaye alikwenda usiku wa chemsha bongo akaagiza maji ya tufaha, na hakuna aliyemuuliza lolote ila mji mkuu wa Mongolia. Pamoja na hayo, wapo wanaoniuliza kila tukionana nitarudi lini kwetu, na swali hilo huniuma kila mara.

Idi iliyopita tulikodi ukumbi kwa bei ya wakazi, tukabandika tangazo kwenye ubao wa kijiji na kupika biriani. Majirani walikuja wengi, na mchungaji alibaki mpaka mwisho akisaidia kukunja meza. Wenye watoto wajue pia kwamba shule ya karibu inayofaa ikiwa zaidi ya maili 3 kutoka nyumbani, au maili 2 kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, halmashauri hutoa usafiri wa bure. Sisi tulichelewa kuambiwa.

Mchangiaji wa tano (Devon)

Naongeza mawili. Baraza la parokia likiwa na bustani za kukodisha, andikisha jina mapema kwa kuwa foleni huwa ndefu. Sukuma wiki hustahimili baridi ya huku vizuri, na wazee wa bustani za jirani watakufundisha mengine ukiwauliza. La pili, vijiji vingi havina bomba la gesi, hivyo nyumba hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori. Ulizia kikundi cha kuagiza kwa pamoja, maana bei hushuka lori linapojaza matangi mengi kwa safari moja, na agiza kabla ya baridi kuanza. Dada wa Lincolnshire, ule ukumbi mliukodi kwa masharti gani kuhusu kupika humo? Wetu unaruhusu kupasha tu.