Wakuu naombeni ushauri, maswali ya mwendokasi darasa la saba yananitoa jasho

baba_wawili: Habari za usiku wakuu. Binti yangu yuko la saba, mtihani wa taifa mwezi wa tisa, yani zimebaki wiki tatu. Hesabu zingine anapiga vizuri tu ila akikutana na mwendokasi, umbali na muda basi tena, anabaki anatafuna penseli. Mfano hili: gari limetoka mji A kwenda B kwa km 60 kwa saa, likarudi njia ile ile kwa km 40 kwa saa, tafuta mwendokasi wa wastani. Naombeni njia fupi ataishika haraka.

Kimara Mwisho: Nilivyoona mwendokasi nikajua unaulizia yale mabasi yetu, muda wa kusubiri kituoni pale hata NECTA hawaukokotoi 😂

ticha_wa_kata: Mkuu njia fupi ndo inawaponza watoto. Umbali wote gawanya kwa muda wote, basi. Na wengi hawaangushwi na kanuni, wanaangushwa na saa. Safari imeanza saa 2:40 asubuhi ikaisha saa 5:25, mtoto anatoa kama desimali anapata 2.85, wakati ni saa 2 na dakika 45, yani saa mbili na robo tatu. Mzoeshe kugeuza dakika kwanza. Hilo la kwako alipata ngapi?

baba_wawili: Si ni 50 mkuu? 60 jumlisha 40 gawanya kwa 2.

dereva_mstaafu: Sio 50 ndugu yangu. Nimeendesha basi Dar–Moro, mwisho wetu 80, ukiingia kwenye makazi kibao cha 50, Kibaha foleni, Chalinze foleni. Kuna abiria alinibishia mpaka stendi eti nimetembea 80 mbona tumechelewa, nikamwambia mama pale tulipotambaa ndo tulipokaa sana. Kilomita ni zile zile ila kwa 40 unakaa njiani muda mrefu kuliko kwa 60, kwahiyo wastani unavutwa chini.

mama_K: Wazazi tuwe serious jamani. Wiki tatu kabla ya mtihani ndo baba anaanza kufundisha? Hana mwalimu wa twisheni?

baba_wawili: Alikuwa naye, nimemtoa wiki iliyopita. Tulipishana kuhusu hilo hilo swali, yeye alisema 48 nikamwandikia kwenye grupu la wazazi kwamba anawapoteza watoto wetu. Mwalimu mwingine nimeshampa nusu ya hela, kwahiyo msiniambie nimrudishe kule sio rahisi hivyo. Halafu 48 na 50 haziko mbali kihivyo.

ticha_wa_kata: Kwenye maswali ya kuchagua zote mbili zinawekwa mkuu. 50 ndo mtego wenyewe.

Jicho Kali: Hii chai. Mtu mzima amtoe mtoto twisheni kwa tofauti ya 2? Umetunga ili uzi uchangamke.

baba_wawili: Sijatunga ndugu. Daftari ninalo hapa mezani. Kaandika mwenyewe tuseme umbali ni km 120, kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla km 240 kwa saa 5, jibu 48. Halafu kafuta mpaka karatasi imetoboka, pembeni kaandika 50. Mimi ndo nilimwambia afute, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Tangu siku hiyo kila swali la mwendo ananiangalia mimi kwanza kabla hajaandika.

Jicho Kali: Basi nisamehe mkuu. Mtoto anaijua.

dereva_mstaafu: Mpigie yule mwalimu usiku huu huu, na pale kwenye grupu pia uandike.

mama_K: Na binti umwambie kabla hajalala.

Kimara Mwisho: Huyo mwalimu mpya ulimuuliza hilo swali?

baba_wawili: Nilimuuliza jana. Kasema 48. Ndo maana nikaja humu.