Chombo cha tarishi kwenye gemu yetu kina kasi mpaka hadithi haisongi, nifanyeje?

mwana_wa_malindi

Asalaam aleikum wanabaraza. Naendesha gemu ya anga na kikundi chetu hapa Malindi, tunakutana Jumapili baada ya alasiri, ni ile ya kukaa mezani na dadu na karatasi sio ya kompyuta. Wachezaji wangu ni mabaharia wa chombo cha tarishi kinaitwa Matlai, nimekichora mwenyewe, omo mrefu uliochongoka, injini mbili kubwa tezi, watu wanne, chumba kimoja kidogo cha mzigo basi. Kazi yao kupeleka barua na vifurushi vya haraka kutoka nyota moja hadi nyingine.

Sasa shida ni kwamba kila nikiwawekea maharamia au askari wa forodha wao wanakanyaga mafuta wanaenda zao, hakuna mazungumzo hakuna kupigana hakuna chochote, nusu saa kikao kimekwisha. Nikiwapunguzia kasi wanalalamika na naona wana haki, tarishi asiye na kasi ni wa nini? Na kuwaharibia injini kila wiki kwa makusudi sitaki, hiyo ni dhulma. Nakipenda sana hiki chombo, naomba mawazo.

shela_usiku

Waaleikum salaam kaka. Kasi usiiguse. Anza na swali hili, kwa nini ulimwengu wako unahitaji tarishi hata kidogo? Manake redio inaenda mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kutoka jua mpaka hapa duniani ni dakika 8 na kitu. Ndani ya mfumo mmoja wa jua tarishi hana kazi kabisa, ujumbe ushafika yeye bado anafunga mkanda. Lakini nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4 na robo hivi, ukiuliza swali kwa redio jibu unalipata baada ya miaka minane na nusu. Tarishi anahitajika kati ya nyota na nyota tu, na hapo anahitajika kweli.

Kuna gemu ya Marekani inaitwa Traveller, imetoka 1977, hili jambo wamelifikiria vizuri mno. Kule hakuna redio inayoishinda meli. Meli inaruka, yaani inatoweka kwenye nyota moja na kutokea kwenye nyingine, na mruko mmoja unachukua kama wiki moja uwe mfupi uwe mrefu, kwa hivyo mwenye kasi ni yule anayefika mbali kwa mruko mmoja. Na mafuta ya kuruka yanakula asilimia 10 ya ukubwa wa chombo kwa kila parseki (parseki ni miaka ya mwanga 3.26). Vyombo vyao vya barua ni vya tani 100 na vinaruka parseki 4, hebu piga hesabu, tani 40 zimekwenda kwa mafuta peke yake kabla hujaweka injini wala kitanda. Na wallahi hapa ndipo walinifurahisha, hivyo vyombo havina injini ya kutembea kawaida. Kikitokea kinarusha barua zote kwa redio mpaka kituoni, chombo kingine ambacho kimeshajaa mafuta kinazipokea na kuruka nazo, hicho cha kwanza kinabaki kinaelea mpaka kije kuokotwa. Barua haisimami, chombo ndicho kinasimama.

hesabu_na_dadu

Naongezea hapo. Hao maharamia wako wanashindwa kwa sababu kwenye meza yenu hakuna breki. Angani ukizima injini husimami, unaendelea tu, kwa hivyo anayetaka kufika mahali na kusimama lazima nusu ya njia asukume mbele, nusu ya pili ageuze chombo asukume kinyume. Chukua umbali wa dunia na jua, kilomita milioni 150. Kwa msukumo wa g 1, yaani unakaa kitini na uzito wako wa kawaida, ni kama saa 69. Ukitia injini ya g 4, mara nne ya nguvu, unafika kwa saa 34 na nusu hivi. Nguvu mara nne, muda umepungua nusu tu. Na hizo saa zote baharia anabanwa kitini na uzito wa watu wanne, wakati marubani wa ndege za kivita na mavazi yao maalum wanavumilia g 9 kwa sekunde chache. Kwa hivyo kila saa ya g 4 warushe dadu ya mwili, akianguka mtu usukani anashika nani?

Alafu moto wa injini kubwa unaonekana kutoka mbali sana. Haramia hana haja ya kuwakimbiza, anajua wanakokwenda na anaona wameanza kupunguza, atawangoja kule wanakosimama. Huko ndiko uweke mazungumzo yako.

mwana_wa_malindi

Shukran sana, hii ya breki sikuwahi kuiweka mezani na naona itabadilisha kila kitu. Lakini @shela_usiku kama barua inarushwa kwa redio ikifika basi wachezaji wangu wana kazi gani tena? Watakuwa wanatokea wanabonyeza kitufe wanalala. Mimi nataka washuke, wakutane na watu.

binti_ngomeni

Kaka wape vitu ambavyo redio haibebi. Dawa haipiti kwa redio. Mtu hapiti. Hati yenye muhuri wa asili ambayo mahakama ya kule haikubali nakala yake, mbegu, damu ya kuongezewa mgonjwa, kitabu cha siri cha kufungulia barua za mwezi ujao ambacho ukikirusha hewani kila mtu amekipata. Barua za kawaida wacha zirushwe zikifika, hicho chumba kimoja kidogo ulichochora kiwe cha vitu hivyo, na kiwe kidogo kweli, wakichukua abiria mmoja basi dawa nusu inabaki gatini na wachague wenyewe mbele ya wenye wagonjwa. Mimi nikiendesha gemu huwa natafuta kitu kama hicho, watu wazima wanabishana mpaka maghrib.

Na bandari zao ziweke karibu na ikweta. Sisi hapa Ngomeni hili tunaliona, Waitaliano walikuja kuweka jukwaa lao la San Marco baharini kwetu, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, kwa sababu dunia inapozunguka inaipa roketi msukumo wa bure wa karibu mita 465 kwa sekunde ukielekea mashariki. Ndipo ilipotoka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na jina ni kwa sababu ilirushwa siku ya uhuru wetu Kenya. Sasa Matlai ikiwa imebeba mafuta mengi vile, mpe nahodha bandari mbili, ya ikweta yenye foleni na forodha kali, na ya kaskazini huko ambako hakuna anayeuliza maswali lakini kupaa kunakula mafuta zaidi na mruko utakuwa mfupi.

mzee_wa_gati

Wanangu mimi gemu sichezi, anacheza mwanangu, lakini boti nimeendesha Lamu miaka mingi na hili swali nalijua. Kwenda Mtangawanda, Faza au Kizingitini tulikuwa tunapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na enzi zangu Mkanda ukipwa ulikuwa haupitiki, uwe na mashine mbili kubwa nyuma uwe na dau la tanga nyote mnangoja maji. Mwenye haraka alikuwa anazunguka nje ya Manda bahari kuu, na wakati wa kusi huko si mahali pa mchezo, abiria wote wanalowa na wengine wanatapika. Nahodha anakaa anaangalia maji, anaangalia upepo, anaangalia mgonjwa aliyelazwa kwenye ubao, kisha anaamua. Kwa hivyo njia zenu za kuruka zipeni maji yake, zijae na zipwe, ziwe na bamvua na ziwe na maji mafu, na ratiba muibandike mezani waione wote. Kasi itakuwa yao lakini saa haitakuwa yao.

Na jambo moja jingine. Ukifika gatini watu hawakuulizi safari ilikuwaje, wanakuuliza habari za huko ulikotoka. Nani kafa, nani kaoa, bei ya samaki ngapi. Kama hakuna simu kati ya hizo nyota zenu basi hao mabaharia ndio wa kwanza kujua vita vimeanza au mfalme kafariki, na mji mzima haujui. Wakitaka wauze bidhaa zao kabla ya kusema, wakitaka waseme. Mtu muaminifu hapo ndipo anapojulikana.

mwana_wa_malindi

Mzee wangu Mwenyezi Mungu akuzidishie, hiyo ya habari nimeisoma mara mbili nikainuka kitini. Matlai naichora upya hivi: tani 100, mruko wa parseki 4 ili 40 ziwe mafuta, injini ya kutembea ya g 2 tu na wakitaka g 4 wanaweza kwa saa chache kwa dadu ya mwili, redio kali ya kumwaga barua ikitokea, na chumba cha muhuri cha mita mbili kwa mbili. Njia mbili za kuruka, moja fupi inayofunguka kila siku ya tisa, nyingine ndefu iko wazi daima lakini maharamia wanaijua.

Jumapili wanatokea na chanjo za watoto chumbani na kwenye mfuko wa barua kuna tangazo kwamba gavana wa nyota hiyo ameuzuliwa. Gavana mwenyewe ndiye amekuja kuwapokea, na ndiye mwenye ufunguo wa ghala la mafuta.

hesabu_na_dadu

Barua waimwage kwa redio kabla ya kutia nanga au baada, hilo waache waamue wenyewe, usiwakumbushe. Na andika umbali wa kutoka wanapotokea mpaka bandarini, manake kwa g 2 umbali ule ule wa dunia na jua ni kama saa 49, gavana ana siku mbili nzima za kuwaona wanakuja na kujiuliza mbona wako kimya.