Naomba ushauri: mdogo wangu anataka urubani wa jeshi, na macho yake yanachanganya rangi

Wandugu, salamu toka Lubumbashi. Mdogo wangu amepata diplomu ya serikali ya kumaliza sekondari, tawi la umeme, na kichwani mwake ni ndege za kivita tu. Ndege ikishuka Luano, uwanja wetu wa ndege, lazima atoke nje aangalie. Shida, anachanganya nyekundu na kijani. Daktari wa macho alimwonyesha kile kitabu cha vidoti vya rangi, tarakimu akaona chache sana.

Rubani wa jeshi huanza na vipimo vya afya na darasa, kisha ndege ndogo ya pangaboi akiwa na mwalimu, ndipo jeti ya mafunzo. Huyu naona atakwama mlango wa kwanza. Nikamwambia aende kwa mafundi wa chini, wanaotengeneza ndege. Akanuna, eti hao ni wa kufuta oili. Wapi! Fundi asipotia sahihi kwenye daftari la ndege, rubani haruki, hata awe kanali. Na vifaa huhesabiwa kabla na baada ya kazi, maana bisibisi moja ikisahaulika kwenye injini ni balaa.

Sasa mnaojua: umeme wa ndege nao si una taa na alama za rangi? Afadhali injini au bodi? Aingie jeshini moja kwa moja, au asomee kwanza ndege za kiraia? Kifaransa anakiweza, Kiingereza kidogo tu. Na tafadhali, msinielekeze kwa mawakala wanaodai hela mbele. Mmoja tumeshamfukuza mlangoni.