Mpenzi wa Star Trek naisifu Star Wars: ule mlio wa "pyuu" unapatikanaje?

Mdau wa Ujiji
Wakuu, mimi ni shabiki damu wa Star Trek, ila kwenye sauti mpinzani wake, filamu ya anga za juu ya Star Wars ya 1977, naikubali bila ubishi. Tunataka kurekodi mlio wa bunduki zao kwa simu, huku huku Kigoma. Tuanzie wapi?

Fundi Sauti
Ben Burtt, mtengeneza sauti wa Star Wars, aligonga kwa nyundo waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio. Siri ni urefu. Ndani ya waya, mtetemo mwembamba hukimbia kuliko mzito, kwa hiyo sikio hupokea ukali kwanza, kisha uzito: "pyuuu". Kazeni waya wa chuma mita 20 au zaidi kati ya miti miwili. Mmoja agonge kwa spana, mwingine agusishe simu kwenye waya upande wa pili. Waya mfupi hutoa "tik" tu, maana mitetemo haipati nafasi ya kuachana, uliolegea hauimbi. Nyaya za nguzo za umeme msiguse kabisa!

Mdau wa Ujiji
Shukrani mkuu. Na upepo wa ziwa?

Fundi Sauti
Funikeni maiki kwa kipande cha sponji.

Dada wa Mwanga
Msisahau vyombo vya TIE, zile ndege za kivita za anga za maadui katika Star Wars: sauti yao ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Tembo mtamtafuta, ila masika ikianza lami iliyolowa ipo tele. Hapo ndipo ninapowapenda wapinzani wetu wa Star Wars: anga lao limetengenezwa kwa vitu vya duniani.