MREJESHO: Dogo aliyeokota kichuma kwenye mabomba, Mbalizi

Wakuu, niliuliza kuhusu mdogo wangu, kibarua wa kuchomelea mabomba, aliyeokota kichuma walipopita mafundi wa kupiga picha za mionzi, akakitia mfukoni. Hofu yangu ilikuwa kwamba ni kile kipande chenye mionzi kimedondoka kwenye mashine yao.

Kimepimwa, kipimo cha mionzi hakikulia. Nati tu! Ila siku ile vibarua walikaa jirani na mashine bila hata kamba ya kuwazuia, kwa hiyo damu imechukuliwa na itarudiwa, maana chembe nyeupe za damu huweza kushuka siku kadhaa baada ya kupigwa na mionzi.

Aliyenitajia ajali ya Yanango, Peru, mwaka 1999, asante, ingawa ulininyima usingizi: mchomeleaji alitia iridiamu-192, chuma chenye mionzi cha mashine kama hizo, mfuko wa nyuma, akaishia kukatwa mguu. Paja la dogo nalikagua kwa tochi, wekundu wa kuungua na mionzi hamna. Msimamizi wao bado anasema tunakuza mambo. Beji za kupimia mionzi vibarua hawajapewa.