Tupeane uzoefu: unavaa nini miguuni ukipanda farasi kwenye baridi kali?

HatamuMkononi

Habarini wadau. Naanzisha uzi huu kwa sababu jana nimeshuka juu ya farasi na mguu wa kushoto haukunipokea. Goti lilikunja, nikabaki nimeng'ang'ania mkanda wa kikuku (kile cha kukanyagia mguu kinachoning'inia kwenye tandiko) mpaka damu iliporudi. Farasi wangu ni mpole, alisimama akanisubiri. Angekuwa mwingine sijui.

Naandika nilichovaa chote ili mnirekebishe: taiti ya pamba ndani, juu yake suruali ya kupandia ya kawaida, ile ile ya siku za joto, soksi jozi tatu, na buti refu la ngozi ambalo kwa kawaida linanikaa sawasawa. Kipimajoto cha bandani kilisoma nyuzi 6 chini ya sifuri. Nilipanda dakika 40 tu. Dakika 20 za mwanzo vidole viliuma, halafu maumivu yakaisha, nikadhani miguu imezoea. Kumbe imekufa ganzi. Nilipovua buti, vidole viwili vilikuwa vyeupe kama nta, na mistari ya soksi ilikuwa imejichora kwenye nyama utadhani nilifungwa kamba.

Kifua, mikono, masikio, kote kulikuwa na joto. Ni miguu tu. Naomba tusinukuliane lebo za nguo. Niambieni ulivaa nini, kikatokea nini, ukabadilisha nini.

KwatoNne

Pole sana mkuu. Jibu lako liko kwenye hiyo mistari ya soksi.

Mimi nilibishana na jambo hili miaka mingi, mpaka siku moja nikaamua kujipima mwenyewe. Mguu wa kulia soksi tatu, wa kushoto soksi moja nene ya sufu, buti zile zile, farasi yule yule, saa moja na nusu porini. Tuliporudi, mguu wa kulia ulikuwa ganzi hadi kwenye kifundo, wa kushoto naweza kuchezesha kila kidole. Tangu siku hiyo sijavaa soksi mbili ndani ya buti la kubana.

Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Ukishaijaza buti soksi mpaka zikabanana, hewa hiyo umeifukuza, na juu ya hapo umeibana mishipa. Mtu anayetembea hupata nafuu kwa sababu misuli ya shavu la mguu inasukuma damu kila hatua. Wewe juu ya tandiko mguu umening'inia, uzito wako uko kwenye sehemu ile ile ya unyayo, hakuna kinachosukuma.

Kwa hiyo nunua buti la baridi ukiwa umevaa soksi utakayopandia. Vidole vicheze bila kugusa mbele. Kama havichezi dukani, havitacheza porini.

Na vidole vikiwa vyeupe hivyo, usivisugue wala usivikaribishe kwenye moto. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, mpaka rangi irudi. Rangi ikikataa kurudi, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

MamaTandiko

Wote mnasema vidole. Mimi baridi ilinipata mapajani, na nataka dada zangu hasa wasome hapa.

Mwaka wangu wa pili wa kupanda kila siku wakati wa baridi, nilitokwa na mabaka mekundu yanayoelekea zambarau upande wa nje wa mapaja yote mawili. Magumu ukiyagusa, yanawasha usiku, yanauma ukikaa. Nilibadilisha sabuni ya kufulia. Nikabadilisha mafuta. Nikadhani ni wadudu wa kwenye nyasi kavu za bandani. Niliona aibu kumwonyesha mtu, nikakaa nayo wiki tano.

Daktari wa ngozi niliyemwendea aliyatazama, akaniuliza swali moja: "Unapanda farasi?" Nilishangaa. Akanieleza kwamba hali hii inajulikana, iliandikwa kwenye jarida la madaktari wa ngozi mwaka 1980, na waliochunguzwa walikuwa wanawake wapanda farasi. Upepo wa baridi unapiga upande wa nje wa paja, suruali imebana na haina kinga, damu inapungua, na mafuta yaliyo chini ya ngozi yanapata uvimbe kwa sababu ya baridi. Hakunipa dawa nyingi. Alisema nivae kitu cha joto kisichobana, na nikinge upepo.

Nililia pale pale, kwa nafuu. Wiki zote tano nilikuwa nazidi kubana: taiti ya kubana chini, suruali ya kubana juu, nikiamini ndiyo joto.

Sasa navaa taiti ya sufu nyembamba isiyobana, suruali ya kupandia ya saizi moja juu ya ninayovaa siku za joto, yenye manyoya mafupi kwa ndani, na juu yake sketi ya kupandia yenye tabaka la kuzuia upepo. Ile ya kufunga kiunoni, imepasuliwa nyuma, inalala juu ya mapaja na magoti na huku nyuma inafunika mgongo wa farasi kidogo. Mabaka yalichukua majuma kadhaa kuisha, hayajarudi. Ukiona dalili hizo usikae kimya kama mimi.

SaisiWaAlfajiri

Pamba itoe kabisa. Unatoka jasho ukisafisha banda na kubeba maji, pamba inalinywa jasho lote, halafu unapanda ukiwa umevaa kitambaa kibichi. Sufu inaweza kufyonza unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukahisi joto. Kama sufu inakuwasha, poliesta nyembamba au hariri.

Halafu mimi nina soksi mbili za siku: ya kazi na ya kupandia. Ya kupandia inakaa mfukoni mwa koti, naivaa dakika ya mwisho kabla ya kupanda. Kwangu hilo limesaidia kuliko buti lolote nililonunua.

Angalieni pia mshono. Taiti ya kawaida ina mshono unaoshuka ndani ya paja na kupita gotini, mahali pale pale pa kukutana na tandiko. Nilipata kidonda cha ukubwa wa sarafu ndani ya goti, na kilikaa wiki mbili. Igeuze ndani nje, upitishe kidole gumba kwenye mshono. Ukiusikia kidoleni, utausikia gotini.

MpandaMilima

Naomba niongelee vikuku, kwa sababu wengi wananunua buti la baridi na hakuna anayepima kikuku.

Nilinunua buti zenye manyoya ndani, soli nene yenye meno makubwa, nzuri sana za kutembea kwenye theluji. Miguu ilipata joto kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu tulikuwa tunateremka taratibu, farasi akateleza mguu wa nyuma akakaa kama mbwa, nikaamua kuruka chini upande wa kushoto. Mguu wa kulia ulitoka. Wa kushoto haukutoka. Meno ya soli yalikuwa yameshika ukingo wa kikuku, na juu, mgongo wa buti ulikuwa umekazana na upinde wake. Nikawa nimelala chini, mguu uko juu, farasi anajaribu kuinuka. Mwenzangu alimshika hatamu akiwa bado juu ya farasi wake. Zilikuwa sekunde chache. Bado nazisikia.

Nyumbani nilipima: kati ya buti na kikuku hakukuwa na nafasi ya sentimita moja. Inatakiwa kama sentimita 2.5 kwa jumla, yaani upana wa kidole kimoja hivi kila upande. Ikipungua mguu unanasa, ikizidi sana mguu mzima unaweza kupenya upande wa pili. Na soli iwe tambarare au yenye mikwaruzo midogo, kisigino kiwepo, kama sentimita 2 hivi. Buti la kutembelea theluji halikutengenezwa kwa kikuku, hata liwe na joto namna gani.

Nilibadilisha vikuku nikachukua vipana vya usalama, vile ambavyo upande wa nje unafunguka mguu ukivutwa. Gharama ilinikera, lakini niliilipa siku hiyo hiyo.

KwatoNne

Mkuu MpandaMilima umenikumbusha: kikuku cha chuma kinanyonya joto la unyayo moja kwa moja. Waliohamia vikuku vya plastiki ngumu wanajua. Kama unabaki na chuma, hakikisha kile kipande cha mpira cha kukanyagia kipo na hakijalika, na weka soli ya ndani ya sufu iliyogandamizwa. Ila ukiweka soli hiyo, jaribu tena kuchezesha vidole. Kitu chochote kinachoingia ndani ya buti kinakula nafasi.

UpepoWaShoti

Suruali ya juu ya kuzuia upepo, ndugu zangu, ndiyo iliyoniokoa. Farasi akienda mchakamchaka unatengeneza upepo wako mwenyewe hata kama miti haitikisiki. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 17 chini. Akipiga shoti, yaani akikimbia kwa kasi, ni zaidi ya hapo. Sufu peke yake hupitisha upepo kama wavu.

Chagua yenye zipu ndefu kutoka kiunoni hadi kifundoni, uivue bila kuvua buti. Na iwe na kipande cha kushika tandiko, kwa sababu nailoni tupu juu ya ngozi ya tandiko inateleza kweli kweli.

Kuna jambo ambalo sikuambiwa. Nailoni inapiga kelele. Siku ya kwanza niliinua mguu kupita juu ya kiuno cha farasi mchanga, ile *shwaa* ikamtoa mbio kabla sijakaa. Nilianguka, namshukuru Mungu kwenye mchanga. Baada ya hapo niliitundika suruali kwenye mlango wa banda lake siku nne, nikamsugua nayo shingoni, nikatembea nayo kando yake. Siku ya tano alinusa tu akaendelea kula. Kabla hujainunua isugue kwa mkono, usikie. Zipo zenye kitambaa laini zisizo na kelele, na hizo ndizo napendekeza kwa mwenye farasi mwoga.

BintiWaMwendokasi

Je, soksi za betri? Mimi nazipenda, miguu yangu inabadilika rangi hata kwenye baridi ndogo.

SaisiWaAlfajiri

Dada, nilizitumia msimu mmoja. Joto lipo. Shida ni kile kibetri kinachokaa juu ya shavu la mguu, na buti refu linakigandamiza kwenye mfupa. Nilitoka na alama ya bluu. Zinafaa ukivaa buti fupi na chapsi juu yake, zile ngozi za kufunga kutoka kifundoni hadi chini ya goti, unazilegeza kidogo pale betri ilipo. Ndiyo maana mimi wakati wa baridi navaa jodhpuri, suruali ndefu inayofika kifundoni (jina limetoka mji wa Jodhpur kule India), buti fupi na chapsi yenye manyoya ndani. Buti refu nimeliacha kwa siku za mashindano.

Vipakiti vya kupasha joto vya unga wa chuma vilinikatisha tamaa. Unga ule unahitaji hewa ili upate moto, na ndani ya buti lililobana hewa haipo. Ukivitumia, usiviweke kwenye ngozi tupu. Mguu wenye ganzi hausikii unaungua.

Na hilo la kubadilika rangi, mwonyeshe daktari. Vidole vikigeuka vyeupe kisha bluu kwenye baridi ya kawaida, inaweza kuwa tatizo la mishipa lenye matibabu yake.

MzeeWaBanda

Vijana mmesema vizuri. Naongeza la mtu aliyepanda majira mengi ya baridi: shuka. Kila dakika 20 au 30 nashuka, natembea na farasi dakika tano, napanda tena. Vidole vinarudi, na farasi anashukuru mgongoni. Nguo yoyote unayochagua ikuruhusu kushuka na kupanda mwenyewe. Nimemwona mtu amevaa tabaka nne, mguu haufiki kwenye kikuku, ikabidi asukumwe kama gunia.

Kabla ya kushuka, toa miguu yote miwili kwenye vikuku, vichezeshe vifundo, hesabu hadi thelathini, ndipo utue. Binti yangu HatamuMkononi, goti lako lisingekunja.

HatamuMkononi

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimekaa siku tisa nikijaribu.

Pamba nimeitoa. Soksi moja ya sufu, ya mfukoni. Taiti ya sufu, mshono nimeupima kwa kidole gumba. MamaTandiko, nilijikagua mapaja baada ya kusoma na nikakuta kibaka kimoja cha ukubwa wa kucha upande wa kulia, ambacho nilikuwa nadhani nimejigonga kwenye mlango. Suruali ya kubana nimeiweka kabatini na nimeazima sketi kwa rafiki. Leo asubuhi nyuzi 8 chini ya sifuri, dakika 50, nimeshuka mara moja katikati, nikahesabu thelathini, nikatua kwa miguu yangu. Vidole vyote kumi vilikuwa na rangi.

Buti jipya la baridi limefika jana. Nimelipima kabla ya kulipandia: upana sentimita 11, kikuku changu sentimita 12. Limerudi kwenye boksi lake mpaka vikuku vipana vifike. Mpaka siku hiyo napanda na buti la zamani, soksi moja, na saa ikigonga dakika ya 20 nashuka.