Maksai ananenepa vizuri, nyama haina mafuta ndani: ni mbegu au chakula?

Mnenepeshaji_Mbalizi:
Wakuu, habari za kazi. Maksai wa kizebu (ng'ombe wa nundu) wa miaka minne kutoka Usangu, miezi mitatu ya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na molasi. Akichinjwa, figo zimefunikwa na mafuta na mgongoni yapo, lakini steki ni nyekundu tupu. Wanunuzi wa hoteli wanataka michirizi myeupe ndani. Niongeze muda wa kulisha, au nihimilishe majike kwa mbegu ya Angus? Nimeshauriwa hata Belgian Blue, ng'ombe wa nyama wa Ubelgiji.

Lishe_Uyole:
Mkuu, miezi mitatu hiyo inajaza tu seli za mafuta zilizokwisha kuwepo. Seli hizo hutokana na seli changa zilizo katikati ya nyuzi za msuli, ambazo zinaweza pia kuishia kuwa utando mgumu. Jeni ZFP423 huzielekeza upande wa mafuta. Kisha protini ziitwazo C/EBP beta na delta, ambazo kazi yake ni kuwasha jeni, huwasha PPAR gamma na C/EBP alfa, na hizi mbili huchocheana hadi seli ianze kuhifadhi mafuta. Ishara za Wnt (ujumbe wa kemikali kati ya seli) zikiwa na nguvu, PPAR gamma haiwaki na seli haigeuki.

Mafuta ya figo hutangulia, ya ndani ya msuli hujaa mwisho. Lakini idadi ya seli za ndani hujengwa hasa kuanzia mwishoni mwa mimba hadi ndama afikishe miezi minane hivi. Maksai wako alipita umri huo akichunga nyasi kavu. Ukiongeza muda, sehemu kubwa itaishia kwenye figo na mgongo.

Mhimilishaji_Mafinga:
Belgian Blue achana naye kabisa kwa lengo hili. Jeni yake ya mayostatini, protini inayozuia msuli kukua kupita kiasi, imepungukiwa herufi 11 za DNA, hivyo msuli hufura na mafuta hupungua. Tena jike mdogo wa kizebu atateseka kuzaa.

Angus inafaa, kwa sababu sifa ya mafuta ndani ya nyama hurithiwa vizuri, takriban asilimia 40. Lakini usinunue jina la mbegu: angalia takwimu za fahali mwenyewe, mafuta ya ndani yawe juu, uzito wa kuzaliwa uwe chini. Chotara aogeshwe dawa ya kupe kila wiki, maana ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haimwachii.

Mnenepeshaji_Mbalizi:
Na ndama huyo alishweje?

Lishe_Uyole:
Mama asikonde miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ndama aanze chakula cha ziada kabla ya kuachishwa ziwa, mahindi yaliyoparazwa yawemo: wanga huleta glukosi (sukari), ambayo seli za ndani ya msuli huitumia zaidi kuliko za chini ya ngozi. Ongeza mahindi kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, la sivyo tumbo litachachuka na kwato zitauma.

Jambo moja husahaulika. Vitamini A nyingi huzuia seli kugeuka, ndiyo maana Wajapani huipunguza katikati ya unenepeshaji. Wewe usiige: mahindi yetu meupe na mabua makavu karibu hayana kabisa, na upungufu huanza kwa ng'ombe kutoona usiku. Ndama mpe majani mabichi.